Kichuguu cha Mpakani

Kindi yule alikufa kwa pigo la kwanza, lakini Kipkemoi hakuacha. Rungu la kwanza lilimvunja mgongo. Yaliyofuata yalikuwa ya hasira tupu, na hasira ya Kipkemoi haikuwa na kipimo. Alipopumzika, mnyama alikuwa manyoya na tope la damu, na taya zake zilikuwa zimefunguka. Mdomoni mlikuwa na mbegu za mahindi, bado nzima. Kipkemoi aliinama akazitoa kwa kidole, akazipangusa kwenye suruali, akazitia mfukoni. Mbegu ni mbegu.

Wako watu wanaosema kindi ni mnyama mzuri. Hao wamemwona yule wa mtini. Huyu wa chini hapandi mti, ana shimo lake ardhini, na jua likipanda kidogo hutoka akasimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, akakutazama unavyopanda kama nyapara anayengoja ukosee. Ukigeuka, anaanza kazi. Hufuata mstari wako wa mbegu, shimo hadi shimo, bila kuruka hata moja. Kesho yake unakuta shamba limechimbwa vizuri kuliko ulivyolichimba wewe.

Hapo ni upande wa Sigor, huku Chepalungu, mwaka wa sabini na moja. Mvua ya kule si mvua ya Kericho, inayonyesha kila alasiri mpaka majani ya chai yanachoka. Kule mvua huja ikitaka, na mtu akikosea kupanda amekosea mwaka mzima. Kipkemoi alikuwa amepanda mara mbili. Mara ya kwanza kindi walikula zote. Mara ya pili walimwachia vijimche vya kuhesabika, navyo vikakatwa na jua. Mbegu zilizobaki zilikuwa zile alizokuwa amezitundika mkewe, Chepkemboi, juu ya jiko zikiwa bado kwenye magunzi, nyeusi kwa moshi.

"Hizi zikiliwa, baba watoto," Chepkemboi alimwambia akizishusha, "unajua penye tutaenda."

Alipajua. Ni kwenye mashamba makubwa ya chai, kikapu mgongoni, umande mpaka kiunoni, nyapara nyuma yako. Kipkemoi alifanya kazi hiyo ujanani. Siku moja nyapara alimwaga kikapu chake chote chini kwa sababu ya majani machache makavu, kisha akamwamuru ayaokote kwa mdomo kama mbuzi, na wenzake wakacheka. Aliyaokota. Alirudi nyumbani akaapa mbele ya ukoo wake kwamba hatainamisha mgongo tena kwenye chai, na kwamba mtu anayeinama kule si mwanamume. Kiapo kama hicho ni rahisi kula ukiwa na mahindi ghalani. Sasa ghala lilikuwa tupu, na kila mbegu iliyokwenda na kindi ilikuwa hatua moja kuelekea kwa nyapara yule.

Kwa hiyo alipigana. Aliwafukizia moshi wa pilipili mashimoni akakohoa yeye mpaka macho yakavimba. Akamwaga madebe ya maji, maji yakapotea kana kwamba ameyatia baharini. Mbwa wake alichimba mpaka mabega yakaingia, akatoka pua imechanika, na hakukaribia tena. Jioni moja Kipkemoi mwenyewe aliingiza mkono, akamshika kindi mkia, na kindi akageuka humohumo akamng'ata kidole gumba cha mkono wa kulia mpaka meno yakagonga mfupa. Kipkemoi hakumwachilia. Alimtoa nje akiwa ananing'inia kwenye kidole, akampigiza kwenye jiwe, mara hii na hii na hii, damu ya mnyama na damu yake zikimrukia usoni. Watoto wake waliokuwa wakitazama walikimbilia ndani.

Lakini hao walikuwa wachache waliopotea njia. Ukoo wenyewe wa kindi ulikaa ndani ya kichuguu.

Kichuguu hicho kilikuwa kikubwa kama kibanda cha ndama, na kilisimama mpakani hasa, nusu kwake, nusu kwa jirani yake, Mogaka. Mogaka alikuwa Mkisii. Alikuwa amechuma chai Kericho miaka mingi, akaweka akiba, akaja kununua shamba lile na kuhamia na mkewe Nyanchama na watoto wao wawili, binti aliyeitwa Bitutu na mdogo wake Kepher. Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye mikono mipana. Kipkemoi hakuwa na kisa naye ila hicho kimoja, kwamba mtu aliyeinama kwenye chai alikuwa sasa na ng'ombe wa maziwa, na mtu aliyekataa kuinama alikuwa akiokota mbegu mdomoni mwa kindi.

"Mogaka, hii kichuguu tuvunje," Kipkemoi alimwambia. "Ni mji ya wezi. Mimi nachimba upande yangu, wewe unachimba yako."

"Hapana, jirani," Mogaka akasema. "Hiyo ni mpaka. Tukivunja, kesho utaniuliza mpaka iko wapi."

"Mpaka tutapanda mkonge!"

"Wacha ikae tu."

Kipkemoi alikwenda kuchukua jembe. Mogaka akasimama mbele ya kichuguu, mikono yake mipana ikiwa mitupu, na hakusogea. Wangeuana siku ile. Ni Nyanchama aliyepiga nduru mpaka watu wakaja, na naibu wa chifu akaitwa, akasema mtu yeyote asitie jembe kwenye kichuguu kile, na atakayetia atalala ndani.

Kwa nini Mogaka, mtu mpole, alikuwa tayari kupigwa jembe kwa ajili ya lundo la udongo? Kipkemoi aliona ni ukaidi tu. Lakini sababu alikuwa ameipanda yeye mwenyewe, na ikamea vizuri, haikuguswa na kindi.

Mogaka alipokuwa bado mgeni, mvua za kwanza zilipotoa kumbikumbi, Nyanchama aliwatega kwenye kichuguu kile, akawakaanga kwa chumvi, akafunga kwenye jani la mgomba, akamtuma Bitutu apeleke kwa jirani. Ndiyo desturi ya mtu mwema, hali peke yake. Siku hiyo Kipkemoi alikuwa na wageni, shemeji zake. Alifungua jani, akaangalia ndani. Nyumbani kwao wadudu hawakuliwa. Angeweza kusema ahsante akafunga jani. Badala yake alicheka.

"Hii ni chakula ya kuku!" alisema, na akawaita kuku kwa ulimi, akamwaga jani lote mbele yao, mtoto amesimama pale pale anaona. Shemeji zake walicheka mpaka wakashikana mabega. Bitutu aliokota jani tupu akarudi nalo kwao.

Kipkemoi aliisahau siku hiyo kabla jua halijazama. Kwa Mogaka haikusahaulika. Nyanchama hakutuma tena kitu, wala hakutega kumbikumbi mbele ya macho ya watu. Lakini kuacha hakuacha, maana watoto wanawapenda na chakula ni chakula. Alitega Jumapili tu, jirani wanapokuwa kanisani, na kabla ya ibada kwisha alikuwa ameshafunika na kufagia mabawa. Mogaka angemwambiaje Kipkemoi kwamba kichuguu kile ni jungu la mke wake? Achekwe mara ya pili? Akasema ni mpaka.

Kipkemoi naye alikuwa na siku yake. Mogaka na jamaa yake walikuwa Wasabato. Jumamosi walifunga mlango asubuhi na kwenda kusali mpaka jioni, na ng'ombe wao walibaki na mzee wa jirani ya mbali aliyelala zaidi ya ng'ombe.

Ijumaa Kipkemoi na Chepkemboi walipanda zile mbegu za mwisho, za moshi. Jumamosi asubuhi, Mogaka alipopotea barabarani na Biblia kwapani, Kipkemoi alitoka na debe alilolificha kwenye kichaka. Mlinzi wa josho la ng'ombe alikuwa rafiki yake, na ndani ya debe kulikuwa na dawa ya kupe ambayo haijaona maji, nzito, yenye harufu ya kukata koo. Alikuwa ameichanganya na unga na sukari guru. Alipiga magoti juu ya kichuguu, akaimimina katika kila tundu alilolijua, upande wake na upande wa Mogaka, akapaka na midomo ya matundu kwa jani. Naibu wa chifu alikataza jembe. Dawa hakuitaja.

Kutoka ndani alisikia mlio mdogo, kisha kitu kikijipiga piga kwenye udongo, kisha kingine. Kindi mmoja alitoka kwa tundu la juu, akiyumba, mdomo umejaa povu. Alifika kifuani mwa kichuguu, akajikunja, akajiuma mguu wake mwenyewe, akauma na kuuma mpaka akafa meno yakiwa yameshika. Kipkemoi alimtazama mpaka mwisho, kisha akamtupa kichakani. Nikisema hakufurahi nitakuwa mwongo.

"Mikono yako inanuka nini?" Chepkemboi alimwuliza.

"Dawa ya kindi."

"Umeweka wapi?"

"Mahali hakuna mtu hufika," alisema. "Fungia kuku wetu mpaka Jumatatu."

Na usiku huo mvua ikanyesha, mvua nzuri, ndefu, yenye kuingia ndani na kuosha kila harufu. Kipkemoi alilala akiisikia juu ya mabati na kuona mbegu zake zikivimba gizani bila mwizi. Alilala usingizi wa mtu mwenye shibe.

Jumapili jua likatoka kali. Kanisani mhubiri alichagua mahubiri marefu. Kipkemoi alikaa kwenye benchi la nyuma, fimbo yake ya mkwaju katikati ya magoti, roho yake iko kichuguuni. Alitaka kuwahesabu wafu wake. Wimbo ulipoanza alinyanyuka kama mtu anayekwenda haja, na Chepkemboi akamtazama kwa jicho baya, na yeye akatoka akashika njia ya nyumbani.

Alipokaribia kona ya shamba lake alisikia kitu kikigongwa. Debe, vijiti viwili juu ya debe, mara haraka, mara taratibu, kama matone ya mvua. Mlio ulitoka mpakani. Akaongeza mwendo, akapita ua.

Kichuguu kilikuwa kimevikwa blanketi. Matawi yalikuwa yamekunjwa juu yake kama kibanda, blanketi juu ya matawi, na chini, mahali mwanga ulipoachwa uingie, kilikuwa kimefukiwa kikapu cha zamani cha kuchumia chai, na kumbikumbi walikuwa wakimiminika humo kwa maelfu, mabawa yakimetameta. Nyanchama alikuwa amechutama akigonga debe, kumbikumbi wadhani ni mvua. Kuku wake walikuwa wakizunguka wakiokota waliopotea. Kepher alikuwa ameshika bakuli. Na Bitutu alikuwa ameketi miguu imenyooshwa, akichukua kumbikumbi mmoja mmoja, akivuta mabawa, akitia mdomoni wabichi, kama watoto wote wafanyavyo wasioweza kungoja kikaango.

Hapo ndipo jani la mgomba lilipomrudia Kipkemoi. Lilimrudia lote, na kicheko, na kuku, na mtoto aliyesimama.

Alipiga kelele. Mtu aliyeshikwa na hofu hapigi kelele kwa lugha ya kujifunza. Alipiga kelele kwa Kipsigis, lugha ambayo Nyanchama hakuijua ila salamu, na alipiga kelele akikimbia, fimbo mkononi, macho yamemtoka. Nyanchama aliona kile ambacho mtu yeyote angeona. Alimwona yule jirani wa jembe amekuja kumaliza.

"Mogaka!" alilia. "Mogaka, anatuua!"

Kipkemoi alirusha teke kwenye kikapu, kumbikumbi wakamwagika uwanja mzima. Alipiga bakuli la Kepher kwa fimbo likaruka vipande. Nyanchama alimkamata shati. Kipkemoi alimsukuma, mama hakuachia, naye akampiga kiwiko cha uso, mama akaanguka juu ya debe, damu puani. Kipkemoi hakumtazama. Alimrukia Bitutu, akamlaza ubavu, akamkandamiza kwa goti, akamtumbukiza vidole kooni.

"Tapika!" Sasa kilikuwa Kiswahili, lakini kilitoka kimevunjika, pumzi imekwisha. "Tapika! Toa!"

Mtoto alimng'ata. Alimng'ata pale pale, kwenye kidonda cha kindi, na kidonda kikafunguka. Kipkemoi alilia kwa maumivu akasukuma vidole zaidi, mpaka mtoto akakukurika na tumbo likampanda, akatapika uji na mabawa na damu ya Kipkemoi.

Mogaka alikuwa akikata majani ya ng'ombe nyuma ya zizi. Alikuja na panga kama lilivyokuwa mkononi. Alichoona ni mke wake chini akivuja damu, na mwanamume amemkalia binti yake, mkono wake ndani ya mdomo wa mtoto. Mniambie nyinyi mngefanya nini.

Teke la kwanza lilimwondoa Kipkemoi juu ya mtoto. Kipkemoi alijigeuza kwa magoti, hata hakuinua uso kumtazama aliyempiga, akanyoosha mkono wa kulia kumshika Kepher aliyekuwa amesimama analia na mdomo umejaa. Panga likashuka. Halikupiga kelele yoyote kubwa, ni mlio ule ule wa kukata bua. Liliingia juu ya kifundo na kusimama kwenye mfupa, na Mogaka akalivuta akalishusha tena, na mkono ukalegea, ukabaki unaning'inia kwa ngozi.

Kipkemoi aliutazama kama wa mtu mwingine. Kisha, na hili ndilo Mogaka alilolisimulia siku zote akisimulia, hakukimbia. Alitambaa. Alimtambalia Kepher kwa mkono wa kushoto, akimwaga damu juu ya mabawa, akisema, "Na huyu, na huyu pia." Mogaka aliinua panga mara ya tatu, na sasa alilenga shingo.

"Baba Kepher! Kuku!"

Ilikuwa sauti ya Nyanchama, na ilikuwa na kitu ndani yake kilichozuia panga hewani. Alikuwa ameketi chini, uso wote damu, akionyesha kidole. Kuku mwekundu alikuwa akizunguka mahali pamoja, shingo imepinda mgongoni. Akaanguka. Yule mweupe alikuwa tayari ubavuni akipiga teke hewa. Jogoo alisimama juu ya kumbikumbi waliomwagika, akafungua mdomo kama anayetaka kuwika, pakatoka povu, akalala.

"Sumu," Kipkemoi alisema. "Mimi niliweka. Ya kindi. Tapisha mtoto."

Palikuwa na kitambo kidogo ambapo Mogaka alielewa yote mawili, kwamba mtu huyu anaokoa watoto wake na kwamba mtu huyu amewaua, na panga lilikuwa bado juu. Uso wake uligeuka ukawa wa kutisha kuliko alipokuja. Nani angemlaumu? Sasa alikuwa na sababu ya kweli.

"Mshike Kepher kwanza!" Nyanchama alipiga ukelele. "Mshike mtoto, utaua baadaye!"

Akatupa panga. Walimshika mtoto miguu juu, Nyanchama vidole kooni, Mogaka akimtikisa, mpaka akatoa vyote. Chepkemboi, aliyekuwa amemfuata mumewe kutoka kanisani ili amgombeze, alifika akakuta uwanja huo, na hakuuliza swali. Alikimbia akaleta kibuyu cha maziwa, wakawanywesha watoto, wakawatapisha, wakawanywesha tena. Bitutu aligeuka rangi ya majivu akatetemeka mpaka meno yakagongana. Kepher alijikunja kwa maumivu ya tumbo akimwita mama, na mama alikuwa amemshika.

Ni Mogaka aliyechana blanketi la kumbikumbi akaufunga mkono aliokuwa ameukata. Alifunga kwa nguvu, bila huruma, akivuta kwa meno. Halafu wote, watoto na mtu yule, walipandishwa kwenye gari la kubeba maziwa lililosimamishwa barabarani kwa mayowe, na wote walikwenda hospitali wakiwa wamelala pamoja kati ya mikebe.

Watoto waliishi. Wangekula kidogo zaidi, daktari alisema, wasingeishi. Mkono haukurudi.

Askari alikuja wodini, kwa maana mkono haudondoki wenyewe. Alimwuliza Kipkemoi nani amemkata. Mogaka alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, kofia mkononi, na hakuna aliyekuwa amemwambia Kipkemoi la kusema.

"Nilikuwa nakata nyasi," Kipkemoi akasema. "Panga iliteleza."

"Ukajikata mkono wa kulia? Kwa mkono gani?"

"Iliteleza, afande."

Askari alimgeukia Mogaka. Watoto walikula nini? Mogaka akatazama kofia yake. "Uyoga," akasema. "Watoto huokota uyoga." Askari aliwatazama wote wawili kama mtu anayetazama mwizi wa kuku mwenye manyoya mdomoni, akaenda zake. Tangu siku hiyo kila mmoja wao alikuwa amemshika mwenzake koo, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake hatakaza.

Mahindi yalimea. Ee, yalimea! Mstari kwa mstari, hata pengo moja halikuonekana, maana kindi walikuwa wamekwisha. Na mwenye shamba alisimama pembeni akiyatazama, kwa sababu jembe linataka mikono miwili. Chai pia inataka miwili. Lile aliloliapia kwamba hatalifanya, sasa hata akitaka hawezi, na hilo lilimuuma kuliko kisiki cha mkono wakati wa baridi. Usiku alilia, na Chepkemboi alimwacha alie.

Magugu yalipofika gotini, asubuhi moja Mogaka na Nyanchama waliingia shambani na majembe, kutoka upande wa kichuguu, wakaanza kupalilia. Hawakuja nyumbani kusalimu. Chepkemboi alichukua jembe lake akaanzia upande mwingine. Walipokutana katikati, wanawake wawili walisalimiana, Mogaka akanywa maji, wakaendelea. Kipkemoi alikaa kizingitini. Alitamani wamtukane.

Mwaka ulizunguka. Mvua nyingine zikaja, na kwenye kichuguu kindi wapya walikuwa wamehamia, wageni kutoka pori la chini, wamesimama kwa miguu miwili kama wenye shamba. Baada ya mvua ya kwanza kubwa kukawa na jua, na ilikuwa Jumapili. Kumbikumbi walitoka. Walitoka wengi kuliko mwaka wowote, wakafunika nyasi.

Hakuna aliyegonga debe. Nyanchama alisimama mlangoni kwake na watoto wake wamemshika nguo, wakiwatazama kama mtu anavyotazama nyumba iliyofiwa. Kepher alimwuliza kitu, mama yake akatikisa kichwa.

Kipkemoi hakwenda kanisani siku hiyo. Alitoka kwake amevaa shati jeupe, akavuka uwanja, akafika kichuguuni. Alipiga magoti pale pale alipopiga magoti na debe lake. Kindi mmoja alimtazama kutoka tundu la juu, na hakumjali. Kwa mkono wa kushoto alikusanya kumbikumbi waliotoka kwenye tundu lile lile alilolipaka, gumba likiwabana, akavuta mabawa kwa meno kwa kuwa hakuwa na mkono wa pili wa kuvutia.

Chepkemboi alikuwa amemfuata. Alielewa, akapiga kelele. "Baba watoto, hapana! Tupa! Wape kuku kwanza tuone!"

"Kuku walishakula zamu yao," Kipkemoi akasema. "Mara mbili."

Akatia mdomoni. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, mtu ambaye kwao wadudu hawakuliwa, na koo lake lilikataa mara ya kwanza, akalilazimisha. Akachukua wengine. Alikula mpaka gumba na kiganja vikang'aa kwa mafuta, kisha akageuka akaketi, mgongo umeegemea kichuguu, akasubiri.

Mogaka alitoka nyuma ya mkewe. Alikuja akasimama juu yake, na kivuli chake kikamfunika. Alimtazama uso, akamtazama kisiki. Halafu akainama, akachota kumbikumbi kwa mkono wake mpana kutoka tundu lile lile, akavuta mabawa, akala, na akaketi ubavuni mwake.

"Ni wabichi," Mogaka akasema. "Huwa tunakaanga na chumvi."

Nyanchama aliwashika watoto wote wawili mikono, akawashika sana, wasisogee. Nao wakakaa hapo wote, wawili chini na wengine wamesimama, wakingoja kuona.